Wazo Hili Ni Mwana wa Nani?

Mwaka jana nilikwenda Nyakitonto kumzika Mama Spesioza, na kabla udongo wa kaburi haujakauka nilikuwa nimeshagombana na mtoto wa kaka yangu. Tulikaa chini ya turubai tukingoja chakula, rasharasha ikitulowanisha miguu, na vijana, kama kawaida yao, wameinamia simu. Bosko, aliyenileta kwa bodaboda yake kutoka Kasulu mjini, akanisogezea ya kwake nisikilize. Mzungu mmoja alikuwa akihutubia, na juu ya sauti yake mtu amebandika Kiswahili cha redioni, kizuri, kisicho na haraka: kwamba uchaguzi ni mchezo wa kuwachosha watu, kwamba usawa ni uongo uliotungwa na wanyonge, kwamba zamani kila mtu alijua mahali pake na dunia ilitulia, na kinachotakiwa sasa ni mtu mmoja mwenye mkono mzito. "Shangazi, huyu jamaa anatema madini," Bosko akasema. "Hizi ni fikra mpya kabisa." Nikamwambia fikra hiyo ni kikongwe, ninaijua mpaka babu wa babu yake, na nimeipiga chapa kwa vidole hivi hivi nikiwa mdogo kuliko yeye. Akacheka. Nikapandisha sauti kuliko inavyofaa msibani, wanawake waliokuwa wakipakua wali wakanigeukia, na mmoja akaninong'oneza nitulie, marehemu hakupenda kelele. Ni kweli, hakupenda. Basi nikatulia, lakini moyoni nilikuwa nimeshaondoka pale, nimerudi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake ya Kasulu, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuwa nimetoka Kumsenga na cheti cha kupiga chapa kutoka kwa masista, na kiburi kikubwa kuliko cheti. Sista mmoja aliniambia kwamba nyuma ya soko la Kasulu yuko mwalimu mstaafu, mkimbizi wa zamani kutoka Burundi, anatafuta mtu wa kumchapia kitabu. Nilimkuta Mzee Melkiori mlangoni, mrefu, mwembamba, amevaa koti juu ya kikoi kwa sababu asubuhi za Kasulu zina baridi ya kutosha. Hakuniuliza kuhusu cheti. Alinipa kiti kwanza, mkewe, Mama Spesioza, akaniletea maji ya kunawa na kipande cha muhogo wa kuchemsha, na nilipomaliza kutafuna ndipo akauliza, "Uri mwene nde?" Kwetu Buha na kwao Burundi swali hilo kila mtu ameulizwa: wewe ni mwana wa nani? Nikamtaja baba. Akauliza tena, na baba yako je? Nikamtaja babu. Akauliza tena, nikamtaja baba wa babu, na kwa aliyefuata nikakwama. "Huyo wa nne umempoteza," akasema, bila kunicheka. "Ukienda nyumbani muulize bibi yako. Mtu asiyemjua wa nne wake hudanganywa kirahisi." Kisha akanionyesha mashine.

Chumba kile naweza kukichora hata leo. Meza moja ya mninga, taipureta nzito ya kijivu, sanduku la bati lililojaa vitabu vya Kifaransa vilivyoliwa pembe na mchwa, dirisha dogo linalotazama mikaratusi, na mlango wa pili wa kutokea uani ambako Mama alipikia. Mlango huo Mzee aliufunga kila tulipoanza kazi. Nilidhani ni kwa sababu ya moshi. Yeye alitembea pekupeku kati ya dirisha na sanduku, mikono nyuma, akisema, nami nikachapa, karatasi mbili na kaboni katikati. Alisema kwa Kiswahili, kitu kilichonishangaza, maana Kifaransa chake kilikuwa cha seminari na Kirundi chake cha barazani kwa mwami, mfalme wao. Nilipomuuliza, akajibu kwamba kwa Kirundi alishawahi kuandika, na kwamba safari hii alitaka lugha ambayo haikumnyonyesha. Sikumwelewa, lakini nilikuwa katika umri wa kuitikia "ndiyo" kwa mambo nisiyoyaelewa.

Kitabu chake kilikuwa ukoo. Sijui namna nyingine ya kukieleza. Alikuwa amelichukua wazo moja, lile lile la kwenye simu ya Bosko, kwamba watu hawakuzaliwa sawa na hawawezi kujitawala, akalikalisha kitini kama mgeni, akalinawisha mikono, akaanza kuliuliza: wewe ni mwana wa nani? Baba wa wazo hilo alikuwa mwanasheria wa nchi moja ya Ulaya iliyokuwa imeshindwa vita, mtu mpole mwenye nguo safi, aliyefundisha kwamba siasa huanza siku unapomtambua adui yako, na sheria zote hulala mtawala anapoamka. Babu alikuwa bwana mmoja wa ukoo wa wakubwa, aliyeona jina la familia yake linafifia akaamua kwamba ni damu ya binadamu wote inayoharibika kwa kuchanganyika. Na nyuma ya huyo alikaa mzee mkali, mcha Mungu, aliyekimbia mapinduzi ambamo mfalme alikatwa kichwa; akaandika ugenini kwamba mwanadamu ni mwovu mno asiachwe bila kiti cha enzi, na kwamba chini ya kila kiti cha enzi amesimama mnyongaji, naye ndiye anayekishikilia. "Huyu nampenda," Mzee alisema siku ile, akanitisha. "Alikuwa mkimbizi kama mimi. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Andika hivyo, mwanangu. Mtu usimhukumu kabla hujamsemea vizuri kuliko anavyojisemea mwenyewe."

Nilistaajabu, na nasema hivyo nikiwa mwalimu niliyestaafu, niliyesikia mihadhara ya watu wenye shahada ndefu. Kabla ya mwaka ule nilidhani mawazo huota tu, kama uyoga baada ya mvua. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa Kasulu, na sanduku la bati na ugali wa muhogo, akaishika kamba ya jambo linalosemwa hotelini hapo sokoni, akaivuta taratibu ikapita ziwa, ikapita bahari, ikapita vita vitatu, mpaka akamtoa mtu aliyekufa zamani akiwa bado na joto. Siku nyingine nilisahau kuchapa. Alipofika kwenye sura ya jinsi wazo lilivyokuja kwetu, nilisimamisha vidole kabisa. Alieleza habari za mapadri na maofisa waliopanda milima ya Burundi na ya Buha miaka ile ya mwanzo. Wengi wao, alisema, walitoka katika familia zilizokuwa zikiwalilia wafalme waliong'olewa kwao. Walipofika wakamwona mwami, wakaona ng'ombe wenye pembe ndefu, wakaona mwenye ng'ombe na mwenye jembe, wakalia kwa furaha. Walidhani wameipata Ulaya yao iliyopotea, imehifadhiwa juu ya milima. "Hawakutuona sisi," Mzee alisema. "Hawakuona kwamba mwenye jembe aliweza kupata ng'ombe, na mwenye ng'ombe akafilisika akashika jembe. Hawakumwona mteko, kuhani wa ardhi wa huku kwenu Buha, ambaye mwami mwenyewe alimngoja abariki mbegu. Waliona walichokuwa wanakililia. Wakakiandika, wakakifundisha. Nasi tukakisoma tukasema, kumbe ndivyo tulivyo."

Mchana alifungua mlango, tukaenda kula uani. Mama Spesioza alipika isombe, kisamvu kile, kwa mawese mekundu mpaka midomo yetu ikang'aa, na siku gari la Kigoma lilipoleta samaki alipika migebuka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye utani. Yeye alimwita mumewe Mutama, yaani mzee, hata mbele ya wageni, naye mume akamwita Mukecuru, yaani bibi kizee, na walikuwa wakitaniana hivyo tangu wakiwa vijana wasio na mvi hata moja. Hakujua kusoma, na mambo ya kitabu hayakuzungumzwa kwenye chakula. Nilijua tu, kwa maneno ya majirani, kwamba wawili hawa walitoka pande zile mbili za nchi yao, upande uliofundishwa kwamba umezaliwa kutawala na upande uliofundishwa kwamba umezaliwa kulima, na kwamba Mama ni wa upande wa jembe. Majina ya pande hizo hayakutajwa katika nyumba ile mwaka mzima, nami kwa heshima yao siyataji.

Sasa niseme aibu yangu. Sura ya tatu, ile ya kuwasemea baba na babu wa wazo lile vizuri kuliko walivyojisemea, ilinipata. Niliichapa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshaamini. Maneno yale yana ladha, hasa kwa msichana mwenye cheti. Nilianza kuwatazama watu sokoni, wanavyosukumana kwenye foleni ya mafuta ya taa, nikawaza: hawa nao wajitawale? Mchana mmoja nilimkuta Mama anachambua maharage, na kwa kuwa sikuweza kuibeba hekima yangu peke yangu, nikamuuliza kama si kweli kwamba watu wengine wamezaliwa wawe kichwa cha nchi na wengine wawe mikono. Aliniwekea ungo mapajani bila kuniangalia. "Chambua," akasema. Nikachambua. Baada ya muda akauliza, "Na wewe ungekuwa wapi? Kichwani au mikononi?" Nikajibu haraka kwamba kichwani. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kila anayekisoma kile kitabu hujikuta kichwani. Tangu nizaliwe sijamwona aliyekisoma akajikuta miguuni." Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Haya zilinijaa kiasi kwamba sikujiuliza mwanamke asiyejua kusoma, aliyefungiwa mlango kila siku, alikuwa akizungumzia kitabu gani.

Masika yalipoanza tulikuwa tumebakiza sura moja. Mzee alikuwa ameipa jina, "Mwana wa Mwisho", lakini kila asubuhi alitafuta kazi nyingine: nirudie ukurasa huu, nichape upya orodha ile. Wiki ya tatu nikamuuliza kama anaumwa. Akaenda kuhakikisha mlango wa uani umefungwa, akakaa juu ya sanduku la vitabu, akaniambia. Akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya, mpendwa wa padri wake, aliandika kijitabu cha kusomea watoto wa shule kwa Kirundi. Kilikuwa na picha ya mtu, na chini yake maelezo: nchi ni mwili, kuna waliozaliwa kichwa na kuna waliozaliwa mikono, na mkono ukitaka kuwa kichwa mwili wote hufa. Kilisomwa kwenye vilima vingi. Miaka michache baadaye alikutana na maisha akaacha kuyaamini hayo, akaoa upande aliokuwa ameuita mikono. Kisha likaja balaa la nchi yao. Kaka wawili wa Spesioza walikuwa wa kwanza katika kilima chao kufika sekondari, na askari wakaja kuwachukua kwa sababu hiyo. "Jirani aliyejificha kwenye migomba aliwasikia," Mzee alisema. "Askari alikuwa kijana mdogo. Aliwaambia, mkono ukitaka kuwa kichwa mwili wote hufa. Alilisema kama mtoto anavyokariri darasani. Mukecuru hajui. Nikiliandika jina langu, sina nyumba. Nisipoliandika, sina kitabu. Wote hao nimewauliza baba zao na watoto wao, halafu mimi nijifiche?"

Siku zilizofuata ndizo ngumu kuliko zote nilizowahi kula kwenye nyumba ya mtu. Mama aliniongezea mboga, akaniuliza mbona nakonda, akanipa kitenge chake nijifunike wakati wa mvua, nami nilikuwa na siri ya mumewe tumboni pamoja na isombe yake. Niliogopa kwamba Mzee hatasema, na niliogopa kwamba atasema. Nikiwa kitandani nilimtafutia njia: angeweza kuandika "mwalimu mmoja kijana", nani angejua? Nilimpa shauri hilo, nikiwa na haya. Alinitazama kwa huruma. "Ndivyo wote wanavyofanya, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana wazo hili kila likizaliwa watu husema ni jipya." Sikumshauri tena.

Ilikuwa asubuhi ya mvua kubwa, ile inayoanguka Kasulu mpaka barabara zinageuka uji mwekundu. Mama alikuwa amekaa barazani kwa uani na ungo wake. Mzee aliingia amevaa shati la Jumapili. Akasimama katikati ya chumba. "Fungua mlango," akaniambia. Nikadhani nimesikia vibaya kwa ajili ya mvua juu ya bati, sikuinuka. Akaenda mwenyewe, akaufungua hadi mwisho, akauegemezea jiwe. Mama aliinua macho, akayarudisha kwenye maharage. Mzee akarudi dirishani, mikono nyuma, akaanza kusema kwa sauti kubwa kuliko siku zote, ya kuishinda mvua. Alisema kwamba mwana wa mwisho wa wazo hili hakuzaliwa Ulaya. Alizaliwa katika chumba cha mwalimu, kwenye kilima alichokitaja kwa jina. Akataja jina la kijitabu. Akaieleza picha. Akayataja maneno ya chini ya picha. Kisha akasema, "Aliyekiandika ni mimi, Melkiori," na akaendelea, bila kupumzika, mpaka kwa askari na kile alichokikariri. Nilichapa nikiwa siioni karatasi. Sauti ya maharage yakirushwa kwenye ungo ilikuwa imekoma, na sikuthubutu kugeuka.

Alipomaliza kulikuwa na mvua tu. Kisha Mama Spesioza akaingia, ungo bado mkononi, akauweka juu ya sanduku la vitabu. Hakulia na hakupiga kelele. Alimtazama mumewe kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa sana kufika. "Pasikali kaka yangu alikileta nyumbani," akasema. "Kila jioni alitusomea kwa sauti, mama yetu akiwa anasonga ugali. Na kila mara alianzia kwenye jalada, kwa jina la mwandishi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hilo si sehemu ya somo. Nilikuwa nalijua jina lako kabla sijaota matiti." Mzee akatoka dirishani, akapiga hatua moja kumwelekea. "Ulipoleta posa nililisikia jina, nikajiambia, aliyeandika vile hawezi kuja kwetu akakaa kwenye mkeka wetu na kunywa pombe ya baba yangu. Kama amekuja, basi ameshaacha. Nikakubali. Nikangoja useme. Walipochukuliwa kaka zangu nikajua sasa utasema. Tukavuka mpaka, tukakaa Kibondo, nikangoja. Tukaja hapa. Unafunga mlango, Mutama. Kila siku unafunga mlango, na mimi niko nje namwambia Mungu, leo."

"Mukecuru," Mzee akasema, "nisamehe."

"Reka kwanza," akamjibu, maana yake ngoja. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, mkono wake wenye vumbi la maharage juu ya meza ya mninga. "Wewe mtoto, umechapa kitabu hiki chote. Ndani yake kuna majina mangapi?" Nikamwambia mengi, Mama, sijayahesabu. "Ya akina nani?" Nikasema ya walioandika. "Na ya walioandikiwa?" Nikatazama karatasi zangu; halikuwamo hata jina moja. Mwaka mzima nilikuwa nimestaajabia ukoo mrefu kuliko wowote niliowahi kuusikia, na wala mimi wala mwalimu yule mkubwa hatukuwa tumeliona hilo.

"Weka karatasi mpya," akasema. Nikaweka, na kaboni. "Ndayizeye Pasikali. Andika kwamba ndiye alikuwa akitusomea. Bukuru Simoni. Huyo alipenda hesabu, na alikuwa mvivu wa kuchunga." Alitaja na kilima, na mama yao, na baba, na baba wa baba, hadi wa sita, bila kukwama. Nikachapa polepole kuliko nilivyowahi kuchapa, nisikosee herufi. Alipomaliza alinyoosha mkono, nikautoa ukurasa kwenye mashine. Hakuutazama. Alimpa mumewe, na juu yake akauweka ule wa kwanza, wa kijitabu na askari.

"Soma wewe," akamwambia. "Anza na jina la mwandishi."

Mzee akazishika karatasi kwa mikono miwili, akasimama kama wanavyosimama watoto darasani. Akalisoma jina lake. Akasoma yote, maneno ya picha, maneno ya askari, akageuza ukurasa, na alipofika kwa Pasikali sauti ikamkatika. Mvua ilikuwa bado inanyesha na mlango uko wazi. Mama akakunja mikono mapajani, akamngoja.